Majina ya Wakikuyu yanavyosaidia familia kutambua vizazi na warithi

Katika kaunti za Murang'a, Nyeri, Kiambu na Kirinyaga, baadhi ya mashamba yangali yamesajiliwa kwa majina ya wazee waliokwisha kufariki, kama yalivyoandikwa wakati wa ujumuishaji wa ardhi uliofuata Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wajukuu wanapotaka kugawana urithi, hulazimika kwanza kubainisha ni yupi aliyeandikwa miongoni mwa jamaa wengi wenye jina moja. Desturi iliyowapa jina hilo ndiyo pia inayosaidia kuwatofautisha.

Kwa mila ya Wakikuyu, wazazi hawamtafutii mtoto jina jipya. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la nyanya mzaa baba, na wa pili la nyanya mzaa mama. Wanaofuata huchukua majina ya ndugu za baba na ya ndugu za mama. Ndiyo maana si ajabu kumsikia mzazi akimwita mwanawe mchanga "baba", kwa kuwa amebeba jina la baba yake.

Mpangilio huo huwezesha familia kurudi nyuma hadi kwa wazee wasiowajua. Tuseme watoto wa mama mmoja, kwa mfuatano wa kuzaliwa, ni Kamau, Wanjiru, Njoroge na Nyambura. Yaelekea babu mzaa baba aliitwa Kamau na mkewe Wanjiru, nao wazazi wa mama wakaitwa Njoroge na Nyambura. Vilevile, binamu kadhaa wanaoitwa Kamau, kila mmoja akiwa mwana wa kwanza kwao, ni dalili kwamba baba zao ni ndugu. Iwapo Kamau ni mwana wa pili, huenda mama yake ndiye binti wa mzee huyo.

Hata hivyo, dalili si ushahidi. Katika ndoa ya wake wengi, kila mke huanza mpangilio upya, hivyo mume mwenye wake watatu aweza kuwa na wana watatu wenye jina la babu yao. Nyumbani hutofautishwa kwa jina la mama, lakini katika sajili za zamani mara nyingi liliandikwa la baba pekee. Kasoro hiyo ina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Urithi, mali ya mwenye wake wengi aliyefariki bila wosia hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kuzingatia idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane huhesabiwa pamoja nao. Mama asiyeolewa, naye, huanzia kwa majina ya wazazi wake mwenyewe. Asiyelijua hilo ataufuata ukoo usio wake.

Rika la tohara husaidia kutenganisha vizazi. Rika la Mutung'u, kwa mfano, lilipata jina kutokana na ndui iliyowakumba Wakikuyu katika miaka ya 1890. Aliyetahiriwa wakati huo hawezi kuwa mjukuu aliyezaliwa baada ya vita vya pili vya dunia, hata kama majina yao yanafanana herufi kwa herufi.

Maelezo ya wazee hulinganishwa na vyeti vya kuzaliwa na vya kifo, kadi za ubatizo, na kumbukumbu zilizomo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Barua ya chifu inayoorodhesha warithi huambatanishwa na ombi la mirathi mahakamani. Ombi hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kuliwasilisha.