Kwa Nini Kuna Msee Hulala kwa Kazi ya Grupu? Cheki Wavuvi wa Luanda Kotieno

Komredi, hii unaijua. Lekchara anarusha watu nane kwa grupu moja, WhatsApp inafunguliwa, na usiku wa mwisho wasee wawili ndio wanaandika. Wengine waliacha "sawa" na kidole gumba, basi.

Si mambo ya jana. Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, na mwaka wa 1913 akachapisha alichoona: mkiwa wengi, kila mtu anavuta kidogo kuliko akiwa solo. Baadaye watafiti wa Marekani wakagundua kwamba bidii ya kila mmoja ikionekana, kulala kunapungua.

Sasa twende Luanda Kotieno, pale watu hupandia feri ya Mbita. Usiku mwezi ukiwa haupo, boti zinaingia ziwani na taa kuvuta omena. Kwa boti ni watu wachache tu, so ukilegea kwa wavu wanakuona saa hiyo hiyo. "Omera, vuta!" Asubuhi mzigo ukiuzwa, gharama inatolewa, mwenye boti anachukua yake (na si kidogo, tusidanganyane), wanaobaki wanagawana.

Lakini kuonekana peke yake haitoshi. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema mtu husukumwa kutoka ndani na vitu vitatu: kuwa na usemi kwa kazi yake, kuhisi anaiweza, na kuhisi ako na watu wake.

Hapo mimi nilikosa vyote. Manze, mimi ndio nilikuwa yule msee wa "sawa". Nilipewa sehemu ya hesabu, sikuielewa, na kuuliza mbele ya wote niliona noma. Wakatoa jina langu kwa karatasi. Semista iliyofuata nikaacha kampasi. Siwalaumu, karo pia ilikuwa imekwama. Ila hakuna aliyeuliza naweza nini, na kuandika ndio kunanilisha leo.

Kwa hivyo, kabla mgawane kazi, kila mtu aseme anataka kushika wapi na wapi hajiwezi. Andikeni jina kando ya kila sehemu wiki ya kwanza. Kama nane ni wengi, ombeni lekchara awagawe mara mbili. Na yule amenyamaza, mpigie simu. Usimtaje kwa grupu.