UMRI WA KUMTIA PUNDA KAZINI

Mkulima wa Kinyangiri ajua faida ya punda: humchotea maji, humpelekea mtama na alizeti mnadani. Lakini punda aliyeanza kubeba kabla ya wakati wake huchakaa upesi, viungo vikavimba na mgongo ukabonyea, na mwenyewe arudi kubeba kichwani.

Yafaa ujue mfupa unavyokua. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini inayoongeza urefu. Sehemu hizo hukomaa kwa zamu: za chini ya mguu hutangulia, za juu hufuata, na za uti wa mgongo huwa za mwisho, hata mwaka wa tano au zaidi. Basi mgongo, ndio ubebao mzigo, ndio unaochelewa. Kimo humdanganya mwenye haraka.

Wala usidhani kuwa yafaa kumwacha mnyama bure hata akue. Farasi wa mashindano, kama wale wa uwanja wa Ngong huko Nairobi, huanza kukimbia wangali wadogo, wengine na miaka miwili tu. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameona ya kuwa walioanza na umri huo, kwa wastani, hawakuacha mashindano mapema kuliko waliochelewa. Mfupa mchanga ukizoezwa kidogo kidogo huongezeka nguvu. Lakini hesabu hiyo isikuhadae: walio wazima ndio wanaoanzishwa mapema. Tena farasi hao hulishwa vizuri, na shindano lao ni la dakika chache. Punda wako hubeba saa nyingi.

Kwa hiyo mzoeze mapema, umpakie kwa kuchelewa. Akiwa na mwaka mmoja, mfundishe kamba, amfuate mamaye kisimani bila mzigo. Akitimiza miaka mitatu, mtandike shogi tupu. Mwaka wa nne, nusu debe kila upande. Madebe mawili kamili, yaani kilo 36 hivi, yangoje miaka mitano, hata kama kisima ni mbali.

Ukiwa hujui umri wake, mfungue mdomo. Meno mawili ya mbele ya katikati hubadilika kwa miaka miwili na nusu hivi. Yanayofuata, mitatu na nusu. Ya pembeni, minne na nusu hata mitano. Ya utoto ni madogo, meupe. Ya ukubwa ni mapana, yenye manjano. Ukiambiwa mnadani kuwa huyu ni punda wa kazi, nawe waona meno ya pembeni ni ya utoto, mnunue kwa bei ya mtoto.