Kiongozi wa Bweni: Jirani wa Kwanza wa Mwanafunzi Mgonjwa

Liuli iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mgonjwa wa Liuli huwahi kuonekana. Mama, shangazi au jirani hutambua kwamba hajatoka nje asubuhi, hubisha hodi, na haupiti muda safari ya kwenda Hospitali ya Mtakatifu Anne huanza. Kijana huyohuyo akipata nafasi ya masomo ya juu, huondoka mwambao kwenda Songea, Mbeya, Dodoma au Dar es Salaam. Huko hulala chumba kimoja na wenzake ambao wiki iliyotangulia hakuwajua. Akishikwa na homa usiku, ni nani atakayebisha hodi?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi ya kiongozi wa bweni. Makala haya yanaeleza kazi hiyo na mipaka yake, pamoja na yale yanayowapasa watumishi wa afya na wazazi ili ifanikiwe.

Kiongozi wa bweni ni nani?

Ni mwanafunzi aishiye bwenini pamoja na wenzake, aliyechaguliwa au kuteuliwa kuangalia ustawi wao. Jina la nafasi hiyo hutofautiana chuo kwa chuo. Juu yake yuko mlezi wa bweni, ambaye ni mwajiriwa wa chuo, na juu ya mlezi iko ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi wa namna hii hufunzwa kabla ya muhula kuanza, hupangiwa zamu za usiku, na mara nyingi hupewa chumba bure kama ujira. Pasipo na utaratibu huo, kazi hutegemea moyo wa kujitolea, na hapo ndipo mipaka yake inapohitaji kuelezwa wazi.

Kiongozi wa bweni si tabibu, hata kama anasomea udaktari. Hapimi wala hagawi dawa. Kazi yake ina sehemu tatu: kuona, kusindikiza na kukabidhi.

Mambo ya kuangalia

Homa isipitishe saa 24 bwenini bila kupimwa. Mwanafunzi aliyerejea kutoka likizo mwambao wa Ziwa Nyasa, penye malaria, anaweza kuugua wiki moja au mbili baada ya kufika mji wa nyanda za juu wenye mbu wachache. Mhudumu asiyeambiwa alikotoka anaweza kudhani ni mafua au uchovu wa safari. Kwa hiyo swali la kwanza la kiongozi ni, "Likizo ulikuwa wapi?" Jibu lake lifike kituo cha afya pamoja na mgonjwa. Vivyo hivyo, kijana aliyezoea kuoga na kuvua ziwani akiona damu katika mkojo, apimwe kichocho. Ugonjwa huo una tiba, na kuuficha kwa kuona aibu huupa nafasi ya kuharibu kibofu na figo.

Homa inayoambatana na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au madoa ya damu chini ya ngozi huweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Hiyo haingoji mapambazuko. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kichunguzwe kifua kikuu, hasa kwa kuwa vitanda vya bwenini vimekaribiana.

Mwenye kifafa apewe kitanda cha chini. Degedege likimpata, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Yapo pia maradhi yasiyopandisha joto la mwili. Shirika la Afya Duniani limetaja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Mwanafunzi aliyeacha kula, aliyejitenga, au anayegawa vitu vyake kana kwamba anaaga, aulizwe kwa upole na waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani; humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe karibu naye, na mlezi aamshwe usiku uleule.

Siri na mipaka yake

Kiongozi akiona dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwenye kabati la mwenzake, haulizi na hasimulii. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI nchini Tanzania inalinda siri hiyo. Lakini hatari kwa uhai si siri ya kubebwa na mwanafunzi mmoja. Njia ya haki ni kusema mapema: "Siwezi kuahidi kunyamaza kabla sijasikia, ila atakayeambiwa ni yule tu anayeweza kukusaidia."

Aliyebakwa asindikizwe hospitali bila kuchelewa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28. Kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kiongozi hapaswi kumhoji kwa undani. Kazi hiyo ni ya waliofunzwa.

Kabla ya kuondoka Liuli

Sehemu kubwa ya usalama wa mwanafunzi huandaliwa nyumbani. Mtumishi wa afya anayemhudumia kijana mwenye sikoseli, pumu, kifafa, kisukari au VVU ampe barua ya rufaa au ya uhamisho yenye jina la ugonjwa, dawa na dozi, pamoja na dawa za kutosha mpaka tarehe ya kliniki yake mpya. Mzazi ahakikishe kadi ya bima inafanya kazi, na awe na namba ya simu ya mlezi wa bweni. Kijana mwenyewe ndiye aamue atakachomwambia kiongozi. Mwenye kifafa, kwa mfano, hufaidika mwenzake akijua la kufanya anapoanguka.

Mtumishi wa afya anayempokea mgonjwa chuoni amsikilize aliyemsindikiza, kwa kuwa ndiye aliyeona homa ilianza lini na degedege lilidumu dakika ngapi. Baada ya hapo mgonjwa ahojiwe faraghani, na majibu ya vipimo apewe mwenyewe.

Anayewaangalia wengine naye aangaliwe

Kiongozi wa bweni ana mitihani yake na usingizi wake. Chuo kinachomtegemea kimpe mafunzo, namba zinazopokelewa usiku, na usafiri wa dharura. Baada ya tukio zito apate mtu wa kuzungumza naye. Naye ajue kwamba akishamkabidhi mgonjwa kwa wahudumu na kumjulisha mlezi, wajibu wake umetimia. Matokeo ya matibabu si deni lake.