TUME YA AFRIKA YA HAKI ZA BINADAMU NA WATU: MUUNDO NA KAZI ZAKE

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba, tangu Novemba 2020, mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya dhidi ya Tanzania moja kwa moja katika Mahkama ya Afrika iliyopo Arusha, kwa kuwa tamko lililoruhusu jambo hilo liliondolewa mwaka 2019. Wapo wanaodhani kuwa milango yote ya Afrika imefungwa. Dhana hiyo si sahihi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, Gambia, ingali inapokea malalamiko.

Tume imeundwa kwa Mkataba wa Afrika uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986. Tanzania iliuridhia mwaka 1984. Wajumbe wake ni 11, na huchaguliwa na Mkutano wa Wakuu wa Nchi kwa kipindi cha miaka 6. Nchi moja haitoi wajumbe wawili, na kila mjumbe hutumikia kwa nafsi yake, si kwa niaba ya serikali yake.

Kazi za Tume ni kueneza elimu ya haki, kuzilinda na kuufasiri Mkataba. Kila nchi mwanachama hutakiwa kuwasilisha ripoti kila baada ya miaka 2. Hivyo, mtumishi anayeombwa taarifa kwa ajili hiyo asiichukulie kuwa ni kazi ya ziada.

Mwenye kulalamika azingatie yafuatayo:

(a) Ataje jina lake, ingawa anaweza kuomba lisitangazwe.

(b) Asitumie lugha ya matusi, wala asitegemee habari za magazeti na redio pekee.

(c) Awe amekwisha kupita katika mahkama za nchini hadi ngazi ya mwisho ya rufaa, isipokuwa pale shauri linapocheleweshwa kupita kiasi.

(d) Apeleke lalamiko katika muda unaokubalika.

Ieleweke kwamba Tume hutoa mapendekezo, si hukumu. Lakini yenyewe ina uwezo wa kulifikisha shauri mbele ya Mahkama ya Arusha.

Malalamiko mengi hukwama katika sharti la (c). Kwa hivyo, mwenye shauri ahifadhi nakala ya kila hukumu, barua na stakabadhi tangu siku ya kwanza. Haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuipigania, hapa nyumbani na hata Banjul.