Keekee Inapotoboa Mfupa wa Paja

Mfupa wa paja ndio mrefu na imara kuliko yote mwilini, na ukivunjika, lita nzima ya damu inaweza kuvujia ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Wadi za mifupa, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, zinawajua vizuri wenye jeraha hili: wengi ni madereva na abiria wa bodaboda. Zamani mgonjwa alilazwa chali wiki sita na zaidi, mguu ukivutwa kwa uzito. Siku hizi, penye uwezo, anapasuliwa na kuwekewa chuma, na mara nyingi baada ya siku chache anasimama kwa magongo.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka 1939, mjini Kiel, daktari Mjerumani Gerhard Küntscher alimwekea mgonjwa nondo ndani ya uwazi wa uboho. Mwaka 1999 Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, ambalo nondo zake hufungwa kwa skrubu hata kama chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa vituo vilivyozitumia. Upasuaji huu umeokoa miguu mingi na hakuna sababu ya kuukimbia. Ila una hatari moja ambayo, ingawa hutokea mara chache, ndugu wa mgonjwa wanastahili kuelezwa: kujeruhiwa kwa mishipa ya damu.

Mshipa mkuu hushuka kutoka kinenani, ukapita upande wa ndani wa paja, kisha ukazunguka kwenda nyuma ya goti. Tawi lake la ndani zaidi hutoa vijishipa vinavyozunguka nyuma ya mfupa vikiwa karibu kabisa nao. Karibu na goti hali ni ngumu zaidi, kwa sababu misuli ya kigimbi huvuta kipande cha chini cha mfupa uliovunjika kuelekea nyuma, pale pale mshipa unapopita.

Sasa mtazame daktari akitoboa tundu la skrubu. Keekee huanza kula ukuta wa kwanza wa mfupa, mgumu. Kisha hupita kwenye uboho bila kipingamizi. Kisha hukutana na ukuta wa pili. Ukuta huo ukishatoboka, ncha huchomoka ghafla upande wa pili. Milimita hizo chache ndizo za hatari. Keekee butu huzidisha tatizo, kwa kuwa humlazimisha daktari kusukuma kwa nguvu. Ndiyo maana ncha kali na mkono unaojua kusimama kwa wakati si mambo madogo, na hospitali inayobana matumizi kwa kutumia keekee zilizochakaa inamweka mgonjwa pabaya. Skrubu ndefu kupita kiasi, au waya unaozungushwa kwenye mfupa, navyo vinaweza kuuumiza mshipa.

Mshipa mkuu ukikatika au kuziba, dalili huonekana upesi: mguu unakuwa wa baridi, unapauka, unakufa ganzi, na mapigo juu ya unyayo hayasikiki. Anayemuuguza anaweza kugusa miguu yote miwili na kulinganisha. Ikitofautiana, amwite muuguzi papo hapo, hata usiku wa manane, kwani msuli uliokosa damu huanza kufa baada ya takriban saa sita.

Kijishipa kikitobolewa, mambo huenda polepole. Damu huvuja kidogo kidogo na kujitengenezea mfuko katikati ya nyama. Wiki au hata miezi baadaye paja linavimba, linauma, wingi wa damu unashuka, na uvimbe wenyewe unadunda. Ni rahisi kudhani ni jipu. Kulipasua ili kutoa usaha ni kosa linaloweza kuua, kwa sababu kinachotoka ni damu yenye shinikizo la moyo. Paja lililofanyiwa upasuaji likivimba hivyo, lipimwe kwanza kwa ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu.

Kipimo kikithibitisha kwamba kijishipa kinavuja, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, tangu kinenani, na kuziba palipotoboka kwa koili ndogo za chuma. Pasipo na huduma hiyo, daktari wa mishipa hufungua paja na kukifunga kijishipa kwa mkono. Kama nondo imetulia, hubaki mahali pake mpaka mfupa uunge.