Mtoto mwenye hofu ya watu hujifunza nini akichekwa?

Akili hujifunza kwa kulinganisha ilichotarajia na ilichopata. Mtoto mwenye hofu ya watu hutarajia kuaibishwa. Akisoma mbele ya wenzake wakamcheka, hofu yake imethibitika. Akisifiwa, husema moyoni, "Mwalimu ananihurumia tu," na sifa hiyo haimwingii. Akinyamaza, moyo hutulia. Utulivu huo ndio zawadi yake, na kesho atanyamaza tena.

Nasi, jamani, humsifu: "Mashaallah, ana haya!" Haya ni jambo jema, lakini hii ni hofu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza shuleni adhabu za kudhalilisha, za mwili na za akili. Chuoni je? Ustadhi, msikilize kwanza peke yake, kisha mbele ya mwenzake mmoja, kisha wawili.