Mkia wa kamba kochi hautaki moto mrefu

Kamba kochi wa pwani yetu hana magando makubwa. Nyama yake iko mkiani, na bei yake si ya kuchezea. Basi tusiiharibu jikoni.

Mkia uliogandishwa uache kwenye friji usiku kucha uyeyuke. Ukiuoka na barafu yake, nje utakauka na ndani utabaki mbichi. Pasua gamba la juu kwa mkasi, toa utumbo, paka siagi, kitunguu saumu na ndimu.

Oveni ipate moto kwanza, nyuzi 220 za Selsiasi. Mkia wa gramu 150 huiva kwa dakika 8 hadi 10. Nyama ikishakuwa nyeupe mpaka ndani, itoe mara moja. Ukiichelewesha hugeuka mpira, na fedha yako imekwenda.